Mwaka Nilipolipanua Duara la Wale wa Mbele

Baba yangu ni Bauma, aliyezaliwa na kuzeekea kwenye mlima uleule mmoja wa Masisi. Mama yangu ni Machozi, aliyezaliwa Kibua, upande wa Walikale, akapandishwa huku juu kuolewa, na hadi kufa kwake hakuizoea baridi yetu. Mimi ni Feza, binti yao, niliyezaliwa katika nyumba ya majani iliyokuwa mteremkoni, chini kidogo ya kaburi la mawe. Mengine ya ukoo utayapata kwa watu wanaopenda kuhesabu mababu. Mimi nina jambo moja la kusema, nalo ni la mwaka mmoja. Andika, Esperance mjukuu wangu, kama ninavyotamka. Usinirembeshee maneno kwa sababu wewe ulikaa darasani na mimi sikukaa.

Unajua kwamba mwezi uliopita tulishuka Kibua kumlilia kaka yangu Kibira. Ulikuwa nje na wasichana wenzako, hukusikia yaliyosemwa ndani. Tulikuwa tumeketi juu ya mikeka, sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, katikati, bugali bado inatoa moshi, na Safari, mwana mkubwa wa Kibira, yule anayechimba dhahabu Omate, alikuwa akiwaeleza majirani habari za baba yake. Alisema: "Papa alikufa na uchungu ya kilima yake. Koko Bauma njo aliitoa, juu ya woga. Alifika ku biro, akaona tu tampon, ile muhuri ya Serkali, magoti ikaanza kucheza." Watu wakacheka, kama watu wanavyocheka msibani wakiwa wamechoka kulia. Kisha akanigeukia: "Shangazi, weye ulikuwako. Si njo vile?" Nilikuwa na tonge mkononi. Nikamwambia: "Kula, Safari, chakula inapoa." Hilo ndilo jibu nililolitoa mbele ya jeneza la kaka yangu, mimi mwanamke wa umri huu, ninayekaa kiti cha mbele kanisani. Ndiyo sababu nimekuita na daftari.

Kaburi lile lilikuwa ubavuni mwa mlima, mahali ambapo mteremko unapumzika kidogo kabla ya kupanda tena kwenye mianzi. Lilikuwa rundo la mawe, refu kama nyumba mbili zilizounganishwa, lenye kuvu ya kijani na majani ya gugu yaliyoota katikati ya mawe, na upande wa juu kulikuwa na jiwe moja pana lililosimamishwa. Hakuna aliyejua nani amelala ndani. Hawakuwa wetu. Wazee wetu walipofika kulima mlima ule waliwakuta tayari wamekufa, tayari wamefunikwa, nao wakawaita Wale wa Mbele, wakakubaliana kuwatunza kwa sababu hawakuwa na mtu mwingine. Katekista alikuwa akimwonya baba kila mara: "Papa Bauma, acha ile mambo ya majiwe, uko mubatizwa." Baba alimjibu bila kupandisha sauti: "Abrahamu alinunua pango ya kuzikia Sara. Hawa nani aliwanunulia? Miye siwaabudu. Ninawachungia fasi." Katekista alinywa maziwa yake akanyamaza, kwa kuwa maziwa ya nyumbani kwetu yalikuwa mazuri kuliko hoja zake.

Kuwachungia fasi, yaani mahali pao, kulikuwa na taratibu zake. Kuzunguka kaburi lilikuwako duara la ardhi ambalo jembe halikuingia. Duara hilo halikuwa na ua, wala kigingi, wala alama ya rangi. Lilikuwa katika miguu. Mgeni aliyetaka kuliona kaburi ilimpasa kwanza aongozwe kulizunguka duara lote, mara moja, kaburi likiwa upande wa mkono wake wa kuume, ndipo apande na kuweka jiwe lake. Na aliyemwongoza alikuwa binti wa nyumba yetu ambaye bado hajaolewa, kwa maana mwanamke aliyeolewa miguu yake imekwisha kuhamia mlima mwingine, na mwanamume, walisema, akijua mpaka atatafuta kuusogeza. Kwa hiyo wanaume wa kwetu hawakuujua mpaka ule. Walilima mbali nao, kwa kukadiria, wakiacha nafasi ya ziada. Hata baba, mlinzi mwenyewe, hakuujua. Alinifundisha shangazi yangu aliyebaki bila kuolewa hadi uzee, akinitembeza asubuhi na umande ukiwa bado mzito: kutoka jiwe lenye ufa, kushuka hatua chache hadi chemchemi ndogo, kukata chini ya miti mitatu, kupanda hadi mianzi, kurudi. Alinichapa kifundo cha mguu kwa fimbo nilipokosea. Alikufa mwaka uliotangulia ule ninaousimulia. Tangu siku hiyo, duara la Wale wa Mbele lilikuwa katika miguu ya mtu mmoja duniani, na mtu huyo alikuwa msichana mwenye kiburi.

Ulikuwa mwaka wa nne au wa tano baada ya Uhuru. Sikujua kuhesabu miaka kwa tarakimu; nilijua kwamba maharagwe yalikubali sana na kwamba Kibira alikuwa akitafuta mchumba. Shamba ambalo baba alimgawia lilikuwa chini ya duara, likishuka hadi kwenye kijito, udongo mweusi, mzuri kuliko yote tuliyokuwa nayo. Msimu ule alikuwa amelipumzisha, majani yakaota hadi magotini, ili mwaka unaofuata, akiwa na mke, walime pamoja shamba lililonenepa. Alilizungumzia kila tulipokula. Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja kikubwa chenye mafiga katikati, na kizuizi cha mianzi kilichotenga mahali pa wazazi kulala; tulikula tukiwa tumezunguka moto, baba juu ya kigoda, sisi chini. Siku moja mama alitugawia mateke, yale magimbi yetu, na maharagwe, akanipa bakuli lililojaa, na Kibira akasema: "Mama, juu ya nini unamupa vile? Ule iko mulinzi wa majiwe. Bale ba ndani habakulake, na mulinzi wao asikule." Rafiki zake wawili walikuwapo. Walicheka hadi mmoja akamwaga mchuzi. Kibira akaongeza, akiniiga jinsi nilivyotembea polepole kulizunguka duara, mabega nyuma, kidevu juu: "Angalieni malkia wa mifupa!" Mama alimwambia aache. Baba alitabasamu kidogo tu, naye hakuwa mtu wa kutabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililonichoma. Nilikula bakuli lote. Sikusahau.

Wageni walikuja baada ya Pasaka. Mmoja alikuwa mzee mweupe mwenye kofia ya kitambaa, mpole, aliyekuwa akizunguka milima akitafuta makaburi ya watu waliokufa kabla chuma hakijajulikana. Alipiga magoti kila mahali, akiokota vijiwe na kuvitazama kama mama anayechagua maharagwe. Wa pili alikuwa Mkongomani, kijana mwenye viatu vya ngozi na begi, aliyetoka kwenye ofisi ya ardhi. Alisema ametumwa kumsindikiza mzee na, kwa safari hiyohiyo, kuandika mahali palivyo. Baba aliwapokea, mama akawapikia kuku, na kijana yule akala akisifu: "Mama, hii pilipili yako ni ya kufukuza malaria." Mama alifurahi. Nawe ujue kwamba aliyetuharibia hakuja na sura mbaya. Alikula vizuri, alishukuru, alimwita baba "Papa" kwa heshima zote, na aliposikia taratibu za duara hakudhihaki. Alisema: "Basi dada atutangulie, siye tutafuata miguu yake. Nitapiga vigingi njiani, muzee, ili batu basiingie mu fasi ya wafu. Serkali itaichunga." Baba aliitikia kwa kichwa. Tangu utoto wake alikuwa peke yake katika kazi ya kuwachunga wale wafu, na sasa mtu mwenye begi anamwambia kwamba Serikali itamsaidia. Nilimwona akiinyoosha shingo yake.

Tulianzia kwenye jiwe lenye ufa. Mimi mbele, mzee mweupe nyuma yangu, kofia mkononi kwa kuwa nilimwambia aivue, kisha kijana wa ofisi, na nyuma yake mtu wa kubeba vigingi. Kila nilipogeuka kidogo, kijana alisimama, kigingi kikapigwa ardhini. Nilishuka hadi kwenye chemchemi ndogo. Hapo ndipo duara linakata kwenda chini ya miti mitatu. Hapo ndipo shangazi alinichapa kifundo cha mguu mara nyingi kuliko mahali pengine. Nilisimama. Ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la jirani, Kibira na rafiki zake walikuwa wameegemea majembe wakitutazama. Hawakucheka. Kwa mara ya kwanza hawakucheka. Waliona watu wazima wenye viatu wakisimama niliposimama na kwenda nilipokwenda. Kijana wa ofisi akaniuliza: "Dada, mwisho njo hapa?"

Nikasema: "Bado."

Kisha nikashuka. Nilishuka kwa mwendo uleule wa polepole, mabega nyuma, kidevu juu, ndani ya majani ya shamba lililopumzishwa la kaka yangu, hadi ukingoni mwa kijito, mbele ya macho yake, nikapinda hapo na kuandamana na maji. Sikumchukia, Esperance. Usiandike kwamba nilimchukia. Nilitaka tu atazame muda mrefu zaidi. Na nilitaka duara liwe kubwa, kwa sababu ukubwa wake ulikuwa ukubwa wangu. Nilijiambia kwamba vigingi ni vya kulinda, kwamba vikizidi kidogo havidhuru, na kwamba wakati wa kulima ukifika Kibira ataviruka tu na jembe lake. Kijana aliniuliza: "Hapa kunalimwaka?" Nikamjibu: "Hapana. Jembe haiingiaka humu." "Ni ya nani?" "Ya bale ba ndani." Aliandika. Ile sauti ya kalamu ilinipendeza. Baba alikuwa amebaki juu, kwenye jiwe lililosimamishwa, akiwangoja, mgongo wake ukiwa kwetu, kama taratibu zilivyomtaka. Mwanamume mlinzi hatazami njia ya duara.

Tulipopanda, mzee mweupe aliweka jiwe lake vizuri sana, kwa mikono miwili. Kisha akainama, akatoa katikati ya mawe kitu kama shoka dogo la jiwe, laini kama sabuni iliyotumika, akakitazama, machozi yakamlenga. Akakifunga katika leso na kukiweka mfukoni. Hakuomba. Baba alimwona, nami nilimwona, na tukamwacha, kwa sababu alikuwa mgeni na alikuwa amelia. Hakurudi tena. Mara nyingine nawaza kwamba shoka lile liko katika nyumba fulani ya mbali, limewekwa juu ya kitambaa safi, na watu wanapita wakilitazama. Basi lina bahati kuliko wenye nalo.

Miezi ilipita, maharagwe yakakauka, tukayapiga. Kibira aliviona vigingi shambani, akadhani ni alama za wafu tu na kwamba mpimaji ndiye aliyeniambia nishuke, nami nikamwacha adhani hivyo. Kibira alipata mchumba, na watu wake wakakubali kwa kuwa walikuwa wameliona shamba. Siku aliyokwenda na jembe kulifungua, akakuta wanaume wanane asiowajua wakivuta waya wa senyenge kutoka kigingi hadi kigingi. Walimwonyesha karatasi. Mahali pale, karatasi ilisema, hapana mkulima wala mwenyewe, na pamepewa mkubwa mmoja kwa ajili ya ng'ombe wake. Jina la mkubwa huyo sitalitaja. Hakuwahi kufika hata mara moja, na ng'ombe wake hawakuwa na kosa. Walipanda juu ya kaburi kutafuta majani ya kwenye mawe. Baadaye wachungaji waliyashusha mawe yenyewe, moja moja, wakajengea ukuta wa mahali pa kuogeshea mifugo. Mchungaji mmoja alimletea baba mfupa wa mkono ukiwa ndani ya jani la mgomba, akasema: "Muzee, hii ni ya kwenu?" Baba alimjibu: "Hapana. Lakini nipe." Akauzika nyuma ya nyumba, karibu na mahali mama alipomwaga majivu, akasali Baba Yetu, kwa sababu hakujua sala ya watu hao.

Alikwenda Masisi kwenye ofisi, kwa miguu, na koti lake la kanisani. Alirudi siku ya tatu. Tulikuwa tumeketi kula. Mama alimwekea bugali na mboga ya lenga-lenga, naye akanawa mikono muda mrefu sana. Kibira hakungoja amalize tonge la kwanza.

"Papa, balisema nini?"

"Baliandika vile baliandika."

"Na weye ulisema nini?"

Baba akatafuna.

"Ulinyamaza? Papa, ulifika mbele ya batu benye kutunyang'anya, ukanyamaza sawa kondoo? Hata hukubaambia ule mupimaji ni mwizi, alipitisha vigingi mu shamba yangu?"

"Kula, Kibira."

"Sitakula! Miye ninaoa na nini? Nitamuonyesha bibi yangu senyenge?"

Mama alianza kulia. Mimi nilikuwa nikigawa mboga, na nikaendelea kuigawa. Nilimpa kila mmoja sehemu yake sawasawa, na ya Kibira nikaiweka kando ifunikwe, kama dada mwema.

Kesho yake, mchana, nilikuwa nyuma ya nyumba nikimenya maharagwe mabichi, na wazazi wangu walikuwa ndani, upande wa pili wa kizuizi cha mianzi. Walidhani niko kisimani. Mama alimwuliza kwa nini hakujitetea. Kisha nikaisikia sauti ya baba, chini, ya mtu anayeweka mzigo: "Balinisomea karatasi. Iko jina ya Feza. Ni mutoto alibapeleka mpaka ku kijito. Ni mutoto alisema jembe haiingiaka. Na ule wa begi alikuwa pale, akaniuliza: muzee, binti yako ni mwongo? Ningejibu nini? Kama nilisema ndiyo, bangemufunga juu ya kudanganya Serkali. Kama nilisema hapana, shamba imeenda. Nikasema hapana." Mama akasema: "Umuambie Kibira, basi. Ajue." Baba akajibu: "Ajue, atamuua huyu mutoto na mikono ao na midomo. Anichukie miye. Miye niko muzee, nitakufa mbele yao, chuki itaisha." Mama akasema: "Na Feza?" Akasema: "Feza anajua alichofanya. Siku moja ataongea mwenyewe. Nilimulea."

Nilimenya maharagwe yote yaliyobaki. Nilimenya na yale yaliyokuwa na wadudu.

Baba alikosea mara mbili siku ile. Chuki haikuisha alipokufa, nami sikuongea. Mchumba wa Kibira alirudishwa kwao. Kibira akashuka Walikale kwa wajomba zetu wa Kibua, akakata msitu, akaoa huko, akazaa wale unaowajua. Alipopita Hombo na mizigo ya mafuta ya mawese aliwaambia watu kwamba hana baba. Baba alipougua tulimtumia habari mara tatu. Alikuja tukiwa tumekwisha kumzika, akasimama kando ya kaburi, mikono mfukoni, hakuokota hata punje ya udongo. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama ulivyo karibu nami sasa. Lingenitosha neno moja. Nikamwuliza kama amekula.

Watu wanasema kwamba miaka hupunguza jambo. Hilo ni neno la watu ambao jambo lao lilikuwa dogo. Nimeolewa, nimezaa, nimekimbia vita na kurudi, nimezika watoto, na katika yote hayo nilijipatia sababu: kwanza nilikuwa mdogo, kisha nilikuwa na mimba, kisha kulikuwa na vita, kisha Kibira alikuwa mgonjwa na haifai kumsumbua mgonjwa. Sasa hayupo, na sababu zimeniishia. Wengine watakuambia kwamba kwa vyovyote karatasi ingepatikana, kwamba mkubwa akitaka mlima haulizi msichana. Huenda. Lakini alichukua kaburi na duara kwa ujanja wake mwenyewe. Shamba la Kibira alilichukua kwa miguu yangu. Usiyachanganye hayo mawili. Watu wa nchi hii wamekuwa hodari wa kujificha nyuma ya makosa ya wakubwa, nami nimejificha huko muda mrefu kuliko wengi.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa nakuagiza. Uandike haya mara mbili kwa mkono wako. Nakala moja ubaki nayo, na nyingine uipeleke Omate, umpe Safari mikononi. Umsomee ukiwa umesimama, kabla hawajakukaribisha chakula, ili asilazimike kuyameza pamoja na tonge. Atakapouliza kama nilikuwa na akili timamu, mwambie ndiyo. Mahali pa shamba usihangaike kupatafuta. Watu wengine wanalima hapo leo, na wao pia wana watoto. Usihifadhi habari za ng'ombe, wala za mzee mweupe, zikipotea zipotee. Uhifadhi kwamba Bauma hakutetemeka mbele ya mtu yeyote. Uhifadhi kwamba aliulizwa kama binti yake ni mwongo, naye akanyanyua uso wake akasema hapana, akijua.

Na usiongeze mwishoni kwamba bibi yako aliomba msamaha. Sikuomba. Waliokuwa na haki ya kunipa ni wawili, na wote wako chini ya udongo. Safari akitaka kunitukana, usimjibu kwa niaba yangu, na usilie mbele yake. Mwambie apande aje mwenyewe. Mwambie nitafungua mlango, na kwamba safari hii sitamwuliza kama amekula.